Unyenyekevu, Imani na Afya ya Akili: Kwa Wanasihi Wanaoanza Kazi

Mteja anapokuambia, "Mimi si kitu mbele za Mungu," usiharakishe kuandika kwamba ni mnyenyekevu, wala usiandike kwamba ana sonona. Maneno hayo huweza kutoka kwa mtu anayeujua udhaifu wake na kuukubali kwa amani, na huweza pia kutoka kwa mtu anayejidharau ambaye amepata lugha ya dini ya kuifunikia dharau hiyo. Katika kazi hii nimeona kwamba tofauti huanza kujitokeza unapomuuliza hufanya nini anaposaidiwa: mnyenyekevu hupokea na kushukuru, ilhali anayejidharau hukataa kwa kuwa anaamini hastahili.

Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament, ambaye mwaka 2000 alichapisha pamoja na wenzake kipimo cha namna watu wanavyoitumia dini kukabili shida, alitenganisha imani inayomwegemeza mtu kwa Mungu na kwa waumini wenzake na ile inayomfanya ajione ameachwa au anaadhibiwa. Hii ya pili mara nyingi huambatana na sonona na wasiwasi, ingawa si lazima iwe chanzo chake, maana sonona yenyewe humfanya mtu aone adhabu katika kila jambo. Kwa hiyo usiishie kuuliza dini ya mteja. Muulize imani yake humwambia nini usiku anapokosa usingizi.

Unyenyekevu unakuhusu nawe pia. Mwaka 1998 madaktari Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliandika kwamba kuuelewa utamaduni wa mgonjwa si somo la kuhitimu, bali ni kujichunguza maisha yote na kupunguza pengo la mamlaka kati yake na mhudumu. Naamini hilo lahusu imani vilevile, na hatari huwa kubwa zaidi pale wewe na mteja mnaposhiriki dini moja, kwa sababu utadhani umekwisha kumwelewa na utaacha kuuliza.

Usibishane naye kuhusu mafundisho ya dini yake. Akitaka hukumu ya kidini, na akiridhia, mshirikishe kiongozi anayemwamini. Lakini akisema anatamani kupumzika kwa Mola wake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, hata kama ameyasema kwa utulivu na uchaji, na iwapo anakiri, usimwache peke yake mpaka umezungumza na msimamizi wako.