Kwa nini wahusika wa vijiti wanachekesha: The Order of the Stick

Mwenzetu ameuliza kwa nini The Order of the Stick, katuni ya mtandaoni ya Rich Burlew iliyoanza mwaka 2003, inapendwa kiasi hiki ilhali wahusika wake wana vichwa vya duara na viungo vya mistari mitupu. Nimeirudia kuisoma tangu mwanzo, na naamini kwa dhati kwamba uchoraji huo anaoutilia shaka ndio unaoubeba ucheshi wake.

Mzaha wa kwanza kabisa unatokana na sheria za mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa uitwao Dungeons & Dragons: toleo jipya la 3.5 linaanza kutumika mashujaa wakiwa ndani ya handaki, nao wanajikuta wamebadilika papo hapo. Wahusika wanazijua sheria zinazowatawala na wanazizungumzia waziwazi. Asiyewahi kuucheza mchezo huo atapitwa na baadhi ya mizaha ya mwanzoni, lakini hilo lisimzuie.

Utamu wenyewe umo kwenye nyuso. Jicho ni nukta, mdomo ni mstari, na kwa kuwa karibu kila kitu kinabaki vilevile kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, nyusi ikipanda kidogo tu msomaji anaiona mara moja. Ndiyo maana kisanduku ambacho hakuna anayesema neno, Roy, kiongozi wa mashujaa hao, akimtazama tu mwenzake Elan baada ya upuuzi mwingine, huchekesha kuliko maneno yaliyokitangulia. Mchoro wenye kila gamba la deraya ungelipeleka jicho kwingine, na mzaha ungechelewa kufika.

Burlew anaujua uwezo wa mtindo wake na anautumia hadi ukingoni. Xykon, adui mkuu wa mashujaa, mchawi aliyekwisha kufa akabaki mifupa, huzungumza kwa herufi nyeupe katika viputo vyeusi, hivyo unaisikia sauti yake kabla hujayasoma maneno. Historia ya kale ya ulimwengu huo imechorwa kana kwamba kwa kalamu za nta. Yupo pia zimwi la Xykon ambalo hatuonyeshwi umbo lake: tunaona macho tu gizani, na linapotoka nje hufunikwa kwa mwavuli ili siri idumu. Mzaha huo umedumu miaka mingi, nami bado naupenda.

Asiyetaka kujua yanayotokea mbele aruke aya hii. Katika vita vya kuutetea mji wa Azure City, Roy anaanguka kutoka angani na kufa. Ni mistari ileile, kichwa kilekile cha duara, lakini kwa kuwa tulikwisha kujifunza kusoma kila badiliko dogo la uso ule, anguko hilo linauma kweli.

Mwaka 2012 wasomaji walichanga zaidi ya dola milioni moja kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ili vitabu vyake vichapwe upya. Kwa hiyo, ndugu, anza na ukurasa wa kwanza, vumilia mizaha ya sheria, na usiamue kuiacha kabla hujafika Azure City.