Shanga za chupa ziwe kama kioo cha ufuoni

SWALI: Natengeneza shanga kwa chupa kuukuu, nyumbani Kisauni, kwa moto wa gesi. Nataka ziwe na ule ukungu wa vipande vya kioo tunavyookota ufuoni Nyali. Nimezisugua kwa msasa, zikabaki na michirizi. Nimezitikisa ndooni na mchanga wa pwani, wapi! Nyingine hupasuka zenyewe zikiwa koponi. Jirani ananishauri nitumie asidi ya betri. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, tuanze na hizo zinazopasuka, maana ushanga wenye mkazo ndani hautamaliza safari ya kusuguliwa. Kioo kikitoka motoni, ngozi yake hupoa na kukaza mapema huku moyo ukiwa bado na joto. Moyo nao ukija kupoa hujivuta, ngozi haikubali, na mvutano huo hubaki humo humo. Ushanga waweza kukaa mzima siku kadhaa, kisha ukaguswa kidogo tu, ta! vipande viwili. Dawa ni tanuri la umeme lenye kipimo cha joto. Shanga za chupa zikae kwenye nyuzi karibu 550 za Selsiasi kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha joto lishuke polepole hadi chini ya 400, ndipo uzime na kuliacha lipoe bila kulifungua. Kufukia shanga kwenye majivu ya moto kunachelewesha tu kupoa. Mkazo hauishi wote.

Na kila ushanga uwe wa chupa moja. Chupa ya kahawia ya bia na ya kijani ya mvinyo huenda zisitanuke na kusinyaa sawasawa, na ukiziyeyusha pamoja zikaja kuachana, hata tanuri halitakuokoa.

Mkazo unaweza kuuona kwa macho. Washa laptopu, skrini iwe nyeupe tupu. Vaa miwani ya jua ya polaraizi, ile inayopunguza mng'ao wa maji baharini, na uinamishe kichwa taratibu mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa shika ushanga mbele ya skrini. Uliotulia hubaki na giza. Wenye mkazo huwaka mistari myeupe, hasa karibu na tundu. Fanya hivyo kabla ya kusugua, kwani ukungu ukishaingia huoni kitu.

Mchanga ulikuangusha kwa sababu mchanga wa pwani yetu umechanganyika na chembe za matumbawe na makombe, ambazo ni laini kuliko kioo. Zinasagika zenyewe, kioo kinabaki kinang'aa. Tafuta unga wa silikoni kabaidi namba 220. Ndio ule ule uliogandishwa kwenye msasa mweusi wa maji wanaotumia mafundi wa kupaka magari rangi.

Fundi wa jua kali anaweza kukuundia pipa la kuzunguka: pipa dogo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, ndani limebandikwa mpira wa tyubu, linalala juu ya roli mbili zinazozungushwa na mota ndogo. Safisha kwanza matundu ya shanga, utoe udongo wote uliopakwa kwenye ule ufito wa chuma unaozungushia kioo motoni. Tia shanga pamoja na vipande vidogo vya chupa mpaka pipa lipite nusu kidogo. Kwa pipa la lita moja, weka vijiko vitatu au vinne vya chakula vya unga, na maji yaishie usawa wa shanga za juu. Kisha sikiliza. Sauti iwe ya mchakacho usiokatika, kama wimbi likirudi na changarawe. Ukisikia ta-ta-ta, shanga zinarukaruka na kugongana: pipa halijajaa vya kutosha, au linakwenda mbio.

Fungua kila siku, suuza ushanga mmoja na uukaushe kabisa ndipo uutazame. Ulioloa hudanganya, kwani maji huziba mikwaruzo na kurudisha mng'ao. Kwa kawaida siku moja hadi tatu hutosha. Ukitaka ulaini zaidi, suuza kila kitu, pipa pia, urudie na namba 400. Usipite hapo sana, utaanza kuurudishia mng'ao. Tope lake usilimwage kwenye sinki, huganda ndani ya bomba.

Asidi ya betri achana nayo. Itakuunguza wewe, lakini kioo haikili. Maabara huihifadhi ndani ya chupa za kioo. Kinachokula kioo ni asidi ya floraidi na jamaa zake, na hao ndio waliomo kwenye krimu za kutia vioo ukungu. Asidi hiyo hupenya ngozi, maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na wakati huo inashambulia kalisi mwilini. Sikushauri kabisa uiingize nyumbani. Tena haimomonyoi kingo, na kioo cha ufuoni kinapendeza kwa zile kingo zake zilizolika.

Kuhusu rangi, ukungu hupausha. Chagua chupa iliyokoza kuliko unavyotaka ushanga uwe. Kijani cha chupa ya mvinyo hutoka vizuri sana; chupa nyeupe ya soda hutoka kama barafu, na ushanga ukiwa mnene mno mwanga haupiti vizuri, kwa hiyo zile nyeupe zifanye nyembamba.