Dada, usichukue hiyo kadi ya mkopo ya duka kwa ajili ya mapambo ya vuli

Weka simu chini kwanza kabla hujabonyeza. Umesema unataka seti nzima ya mapambo ya vuli, msimu wa majani kudondoka: shada la mlangoni, maboga ya plastiki, mito ya kochi, duka limekuahidi kadi yao ya "miezi 6 bila riba", na yote hayo ili wanao wajifunze kushukuru kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Nimeshapita hiyo njia hapahapa Minnesota, Marekani, na siwezi kunyamaza nikikuona unaingia.

Hiyo "bila riba" ina masharti yake, yameandikwa kwa herufi za sisimizi. Riba ipo! Wanaihesabu kimyakimya tangu siku uliyonunua halafu wanaiweka pembeni, ukimaliza deni lote ndani ya ile miezi 6 wanaifuta, ukibakiza hata dola 10 tarehe ikapita wanakubandika riba yote ya tangu siku ya kwanza, siyo ya hizo dola 10 peke yake. Na kadi nyingi za maduka siku hizi riba yake inapita asilimia 30 kwa mwaka. Halafu kuna mtego mwingine, ile "malipo ya chini" wanayokuandikia kwenye bili kila mwezi, yaani kiasi kidogo kabisa unachotakiwa kulipa, mara nyingi haitoshi kumaliza deni ndani ya muda, yaani unalipa vizuri, hujachelewa hata mara moja, na bado wanakunasa. Mimi walininasa hivyohivyo. Theluji inayeyuka nje, mapambo yapo kwenye boksi, nami ndo kwanza nalipa riba ya boga la plastiki.

Yule mama wa kwenye video ya mapambo aliyenishawishi ndo nina hasira naye mpaka leo. Anakaa kwenye sebule yake inayong'aa anasema nyumba ikipendeza mtoto anajifunza shukrani yenyewe tu, chini ya video ameweka linki na kila ukinunua yeye anapata kamisheni. Na yule muuzaji wa kaunta naye, "ni kama bure tu mama, saini hapa". Hakuna aliyenieleza hesabu, na hakuna aliyekuwepo bili ilipokuja.

Na hata hela tuiache. Vitu vikiwa vya gharama mtoto haruhusiwi kuvigusa. Mwanangu mdogo alikuwa na miaka 4 na msimu mzima alichokisikia kuhusu yale mapambo ni "usiguse, utavunja". Shukrani ataipatia wapi hapo?

Sasa kwangu sheria ni moja: kitu ambacho mtoto hajakishika kwa mikono yake na hakina jina la mtu aliyemtendea wema, hakitundikwi. Tunaokota tawi lililoanguka, tunalisimamisha kwenye chupa ya sosi iliyojaa mawe, tunakata majani ya karatasi kwenye mifuko ya kaki ya sokoni. Jioni usimuulize mtoto "unashukuru nini", atakwambia aiskrimu na katuni, muulize "leo nani kakusaidia?" Hapo utasikia mambo. Dereva wa basi la shule alimsubiri. Mama wa kantini alimfungulia maziwa. Unaandika maneno yake kwenye jani la karatasi vilevile alivyosema, yeye ndiye anatundika kwenye tawi. Wiki ya Thanksgiving inapokaribia mnayachuma, kila jani linapelekwa kwa mwenyewe, ila wahini mapema maana Alhamisi ile na Ijumaa yake shule nyingi zimefungwa.

Majani ya kweli mkiokota, yale mekundu ya mti wa mepo (maple), msiyatundike hivihivi, hita ikiwaka nyumba inakauka na majani yanajikunja. Yabane kwenye vitabu vizito siku kadhaa, kisha weka katikati ya karatasi za nta upige pasi, pasi ashike mtu mzima. Mbegu za mwaloni ni za bure lakini mara nyingi zina funza ndani, ziweke kwenye oveni kwa moto mdogo, Fahrenheit 200 hivi kwa saa moja, na kama una mtoto chini ya miaka 3 achana nazo kabisa, atakabwa.

Boga nunua moja, la kweli, la kuliwa, na wengi wetu tunajua Halloween, ile sherehe ya maboga ya tarehe 31 Oktoba, ikipita bei inaporomoka. Msilichonge wala kulipaka rangi. Likichongwa linaoza ndani ya wiki moja au mbili, likiachwa nje baridi ikigandisha linakuwa uji, na kindi nao hawana huruma. Boga zima likikaa ndani mahali pa ubaridi linafika Thanksgiving bila shida, siku hiyo watoto walibebe wenyewe jikoni, ulipike kwa nazi na iliki kama la nyumbani. Wangu wanalipigania kulibeba.

Kama umeshanunua, tafuta risiti leoleo, vitu vya msimu maduka mengi yanakupa siku chache tu za kurudisha, na ukirudisha hakikisha hela imerudi kwenye ileile kadi, usikubali vocha ya duka, maana vocha hailipi deni.