Maswali Yenu: Fleti ya Ghorofa ya 12, Upanga

SWALI: Nimeonyeshwa fleti ya vyumba vitatu Upanga, ghorofa ya 12 ambayo ndiyo ya juu kabisa. Dalali anataka dola 900 kwa mwezi, nilipe mwaka mzima, na yeye apewe kodi ya mwezi mmoja. Kabla sijatoa pesa, nikague nini? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Anza na maji; marumaru na mandhari ya bahari vinaweza kusubiri. Upanga ilipangwa kwa nyumba za chini zenye bustani, na maghorofa yameota kwenye viwanja vilevile. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hayapandi yenyewe hadi kwako. Yanaingia tangi la chini, pampu inayasukuma hadi tangi la juu ya paa, kisha yanashuka kwa uzito wake. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya baa 1 hivi. Kwa kuwa uko chini tu ya paa, tangi likiwa mita 3 juu ya shawa yako unabaki na baa 0.3, na hita nyingi zisizo na tangi hazitawaka. Wa ghorofa ya 4 ataoga vizuri, wewe utasubiri ndoo ijae. Dawa yake ni pampu ya kuongeza presha kwa ghorofa za juu. Omba uonyeshwe inavyofanya kazi, usiridhike na kuambiwa tu kwamba ipo. Nenda saa 1 asubuhi watu wanapooga, fungua shawa na bomba la jikoni kwa pamoja, kisha flashi choo.

Uliza pia ujazo wa tangi la chini. Fleti 40 zenye watu wanne, kila mmoja akitumia lita 100, zinakula lita 16,000 kwa siku. Tangi la lita 20,000 halimalizi siku mbili mgao ukianza.

Jenereta inabeba nini? Mara nyingi ni lifti, pampu na taa za korido, viyoyozi havimo. Panda kwa lifti, lakini shuka kwa ngazi: mlango wa dharura wenye kufuli, au ngazi zilizogeuzwa stoo, ni sababu tosha ya kuondoka. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe ya fleti yako peke yako. Kodi ya jengo inayokatwa humo ni ya mwenye nyumba, hivyo mkubaliane akurudishie.

Omba kuona kibali cha ujenzi, kisha hesabu ghorofa mwenyewe. Jengo lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa na kibali cha ghorofa 10, likajengwa 16. Mwenye nyumba anayekasirikia swali hili, mwache.

Kuhusu dola: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kutoza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mkataba utaje shilingi, tena kiasi kamili. Kifungu cha “shilingi zinazolingana na dola 900” kinakurudisha palepale. Omba kulipa miezi sita badala ya mwaka, ulipe kwenye akaunti ya benki yenye jina lililo kwenye hati ya umiliki, na dalali apate chake ukishasaini na kushika funguo.

SWALI: Mwajiri wangu, ambaye ni kampuni, ndiye atakayelipa. Mwenye nyumba anataka milioni 2 “mkononi”. Ana maana gani? – Msomaji, Kinondoni

JIBU: Kampuni inalazimika kukata kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Yeye anataka milioni 2 zibaki baada ya makato, kwa hiyo pango halisi linakuwa shilingi 2,222,222, na hicho ndicho kiasi cha kuandika kwenye mkataba. Ongezeni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Bila stempu, mkataba haupokelewi mahakamani kama ushahidi.