Wimbo wa Chumbani: Uuachie Lini?

Vijana wanaotengeneza muziki majumbani, Unguja na Pemba, huniuliza hili kuliko jengine lolote: nitajuaje kuwa wimbo uko tayari? Wengi wanangojea vifaa. Wanataka maiki ya bei kubwa na chumba kisichopitisha sauti. Mimi narikodi Mpendae, kwenye nyumba ya mabati. Mvua ya masika ikishuka hakuna kuimba, basi siku hizo napanga ala, na sauti za waimbaji nazichukua usiku baada ya isha, godoro limeegemezwa ukutani na feni imezimwa. Zimetoka kazi safi humo ndani. Ninachokipima ni kitu chengine: wimbo huu umeshakaa na watu?

Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, walikuwa wameshajulikana mjini kwa kuimba mbele ya watu wanaokijua Kiswahili na wasioona tabu kusema shairi limepwaya. Studio ilikuja baadaye. Sisi tunarikodi, tunapakia usiku huohuo, kisha ndiyo tunatafuta msikilizaji. Naamini kwa dhati kuwa utaratibu wa wale wazee ndio sahihi, na mtu mwenye kompyuta chumbani anaweza kuufuata vilevile.

Wimbo wangu mpya humsikilizisha kwanza ami yangu, mtu aliyeishi na taarab maisha yake yote. Simuulizi kama ameupenda. Watu wetu wana adabu. Watakwambia "mzuri, mashaallah", na hutapata la kufanyia kazi. Namuuliza, "Ami, huyu anasema nini?" Akinirudishia ubeti kwa maneno yake, nashukuru. Akisita, najua pa kuanza. Huenda besi na kinanda vimejazana kati ya hezi 200 na 500 (hezi ni kipimo cha wembamba na unene wa sauti) na kuifukia sauti ya mwimbaji. Punguza hapo kwenye ala, usikimbilie kumpandisha mwimbaji. Huenda mwangwi ni mrefu na silabi zinapandana. Makali ya konsonanti yako zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, kwa hiyo gitaa likipiga kelele pale pale, k na t zinapotea na neno linapotea nazo. Na mara nyengine kosa haliko kwenye miksi, yaani kwenye kuchanganya sauti, kabisa: shairi lenyewe limejisokota, na dawa yake ni kalamu. Kwetu maneno ndiyo wimbo. Biti tamu yenye maneno yasiyosikika bado haijawa tayari, hata ikiwa imekugharimu usingizi.

Halafu nautia kwenye simu na kuusikiliza bila hedfoni, kwa sababu wengi watausikia hivyo. Spika ya simu haitoi besi ya chini. Kama wimbo mzima umeegemea pale, kwenye simu utabaki mifupa. Kisha namuomba dereva wa daladala aupige njiani, na mimi nakaa nyuma kimya. Naangalia kama kuna anayetikisa kichwa, au anayeinua sauti ili aendelee na mazungumzo yake.

Kuna wanaoachia mapema, na kuna wasioachia kabisa. Hawa wa pili wananiumiza zaidi, maana kazi nzuri inazeeka kwenye diski. Ukiwa unabadilisha kila siku, weka toleo la jana na la leo kwa ukubwa sawa wa sauti, kwani lenye kelele zaidi hudanganya sikio, umpe mtu asiyejua lipi ni lipi. Asipoweza kuchagua, funga mradi. Marekebisho yako yamekuwa ni ya kubadilisha tu, hayaongezi tena.

Kabla ya kupanga tarehe, malizana na wenzako. Andikeni kwenye karatasi nani katunga, nani kaimba, nani kapiga ala, na mgao wa kila mmoja, msaini mkiwa bado mnapendana. Biti iliyoshushwa mtandaoni isome masharti yake. "Bure" mara nyingi humaanisha bure kwa mazoezi, si kwa biashara. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, wapo kwa kazi hiyo. Nenda ukaandikishe.

Tarehe yenyewe ina hesabu zake. Msambazaji wa mtandaoni, yule anayeufikisha wimbo kwenye majukwaa, anahitaji muda wa kulipitisha faili, na Spotify wanataka wimbo uliopendekezwa kwa wahariri wao ufike angalau siku 7 kabla ya kutoka. Usipeleke masta (toleo la mwisho la wimbo) iliyobanwa na kupandishwa kelele hadi ikapiga ukuta: Spotify na YouTube hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo utakuwa umeua uhai wa ngoma bila faida. Ramadhani tuiache. Mji wetu hunyamaza kwa heshima ya mwezi, na wimbo ukitoka wakati ule hauna wa kuupokea. Sikukuu ndipo watu hurudi kwenye muziki, kwa hiyo nyimbo zangu nazikamilisha Shaaban, ami akiwa ameshazisikiliza, na karatasi za mgao zimeshasainiwa.