Mnauliza, tunajibu: Fidla na mandolini za Dave Swarbrick

Swali: Nasikia kila mara kwamba Dave Swarbrick wa Uingereza alikuwa bingwa wa fidla na mandolini. Nimesikiliza rekodi alizopiga na bendi ya Fairport Convention, nikaambulia mbio tupu. Nianzie wapi?

Jibu: Mti huu umeuparamia kutoka juu. Ndani ya Fairport, fidla yake ya umeme inagombania nafasi na magita, besi na ngoma, na sikio geni halipati pa kushika. Rudi kwenye rekodi alizofanya na Martin Carthy, mwimbaji na mpigaji gita, kuanzia 1965. Pale kuna gita, sauti ya mwimbaji na Swarbrick, basi. Hata uta, ule ufito wa kupigia fidla, ukikwaruza uzi, unasikia.

Chagua jigi moja au rili moja, usichague albamu nzima. Nyimbo hizi za kuchezea dansi kwa kawaida zina vipande viwili. Gonga mguu uhesabu: mapigo 16, halafu kipande hicho hicho kinarudiwa, kisha cha pili, mapigo 16, nacho kinarudiwa. Jumla 64, wimbo unaanza upya. Kwenye jigi kila pigo la mguu hubeba nota tatu, kwenye rili nne. Hesabu ikikupotea usirudishe rekodi nyuma, kwani baada ya nusu dakika hivi wimbo utazunguka wenyewe.

Mzunguko wa kwanza ushike wimbo tu. Kuanzia wa pili, tafuta kilichobadilika: nota ndefu iliyokatwa na mguso wa kidole, nyuzi mbili zilizopigwa kwa pamoja, na zaidi ya yote, uta. Nota mbili zikipewa kila moja mvuto wake wa uta, zinaachana. Zikiwa ndani ya mvuto mmoja, zinateleza. Sasa mpigaji akianza mvuto kabla kidogo ya pigo la mguu na kuupitisha juu yake, mkazo unahama. Unahisi unasukumwa, kumbe kasi ni ile ile. Sehemu kubwa ya hizo “mbio” zako ni hiyo.

Programu nyingi za kuchezea muziki zina sehemu ya kupunguza kasi. Shuka hadi asilimia 75. Ukienda chini ya 50, mwanzo wa kila nota unafifia, nawe ulikuwa unautafuta huo huo.

Sikio likishakaa sawa, ndipo uende kwenye albamu za Fairport: Liege & Lief (1969), kisha Full House (1970). Katika hii ya pili mandolini nazo zinapata zamu yao.

Swali: Kwa nini wapigaji wengi wa fidla hupiga na mandolini? Nami ninayo: nyuzi zikiwa wazi zinapatana, nikipanda shingoni sauti inakosea.

Jibu: Kwa sababu mkono wa kushoto haujifunzi upya. Zote mbili nyuzi zake hukazwa kwa nota za G, D, A, E, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Mandolini ina nyuzi 8, mbili mbili. Kazi mpya iko mkono wa kulia. Nota ya mandolini hufa mara tu baada ya kudonolewa, kwa hiyo anayetaka kuirefusha hana budi kuidonoa harakaharaka, kwenda na kurudi. Ndiyo maana ni vizuri kuusikiliza wimbo kwa mandolini kwanza: nota zinatoka moja moja, kavu, bila uta wa kuzifunika.

Tatizo lako huenda ni daraja, kile kijiti cha mbao kinachobeba nyuzi. Kwenye mandolini nyingi halijagundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na huhama. Kwanza liwekee alama kwa penseli. Gusa uzi bila kuukandamiza, juu kabisa ya kichuma cha 12 kati ya vile vinavyokatiza shingo, udonoe na uinue kidole: inatoka sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha kandamiza hapo hapo, udonoe tena. Nota ya pili ikiwa juu zaidi, legeza nyuzi kidogo na usogeze daraja mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Milimita moja tu, kaza tena, pima upya. Nyuzi chakavu hudanganya kipimo, kwa hiyo zibadilishe kwanza, mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja, daraja linaanguka.

Swali: Ni kweli Swarbrick alitangaziwa kifo akiwa hai?

Jibu: Kweli. Mwaka 1999, akiwa amelazwa hospitalini Coventry, gazeti la Daily Telegraph lilichapisha tanzia yake. Alifariki 2016. Katikati hapo alikuwa akiuza nakala za tanzia hiyo kwenye maonyesho yake, zikiwa na sahihi yake mwenyewe.