Banda la chatu Tabora: anza na chumba cha kulala

Anayetaka kumfuga chatu uani kwanza huuliza bei ya wavu na mabati. Swali la kwanza liwe jingine: usiku wa Juni atalala wapi? Mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 15. Mchana jua linawaka, chatu anaota, kila mtu anaridhika. Hatari inaingia giza likishatanda.

Chatu wa porini huistahimili baridi hiyo kwa kuwa ana pa kuingia: mashimo yaliyochimbwa na muhanga, vichuguu vilivyobomoka, nyufa za miamba. Humo joto la usiku halitofautiani sana na la mchana. Wa bandani aliyeachiwa sakafu ya saruji na wavu hana pa kukimbilia. Kama ameshakula ni vibaya zaidi. Mwili ukipoa, tumbo linaacha kusaga, sungura aliyemezwa anaanza kuoza, na chatu anamtapika. Baridi ikiendelea, na hasa ikichanganyika na unyevu, inakuja nimonia: anapumua kinywa wazi, mapovu yanatoka puani. Hapo muite daktari wa mifugo mapema, usibahatishe dawa za dukani.

Kwa chatu wa mita 3, jenga chumba cha matofali ya kuchoma chenye urefu wa sentimita 150, upana 90 na kimo 60 tu. Dari ikiwa juu zaidi, joto hupanda na kumwacha chini. Ukuta uwe wa safu mbili, na nafasi ya sentimita 5 katikati ijazwe pumba kavu za mpunga, ambazo Nzega na Igunga hazikosekani. Maranda ya seremala usiyaweke. Mchwa watayamaliza kisha wahamie kwenye mbao. Tundu la kuingilia liwe la sentimita 25, lenye pazia la mpira wa tyubu kuukuu na kibao cha kuteremsha kutoka nje. Acha vitundu viwili vya hewa vilivyozibwa kwa wavu. Juu weka mfuniko wa bawaba, maana chumba usichoweza kukisafisha kitakuletea kupe na ukungu.

Upande mmoja wa chumba ulenge nyuzi 30 hadi 32, mwingine 25 au 26, ili achague mwenyewe. Balbu ya joto ya kauri inafaa, mradi ifungiwe ndani ya kizimba cha waya, kwa sababu chatu hujizungusha kwenye kitu cha moto mpaka aungue. Iunganishe na kifaa kinachozima joto likizidi. Kwa usiku wa umeme kukatika, weka tayari madumu mawili ya lita 20 ya maji ya moto, uyafunge kwa magunia. Jiko la mkaa lisiingie humo kabisa: moshi wake usioonekana unaua. Kipimajoto kikae sakafuni, alipo chatu, si ukutani. Msimu wa baridi mfungie ndani saa kumi na moja jioni, mfungulie saa nne asubuhi.

Uwanja wa nje ni rahisi zaidi. Mita 4 kwa 2.5 zinatosha, kimo mita 2 ili nawe usimame. Wavu wa kuku haufai: ni mwepesi, na chatu husugua pua hadi kidonda. Tumia wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi, na sentimita 60 za chini ziwe ukuta laini uliopigwa plasta. Msingi ushuke sentimita 50. Nusu ya paa iwe bati, na chini ya bati tandika nyasi, kwani jua la Oktoba likimkuta chatu hana kivuli linamuua upesi kuliko baridi. Kivuli cha mwembe ni kizuri, ila maembe yanayoanguka huita sisimizi na nzi, hivyo fagia kila siku.

Karo la maji liwe na nafasi ya kumtosha chatu kujilaza mwili wote, na tundu la kutolea maji chini. Saruji mpya iloweke maji na uyamwage mara kadhaa kwanza. Sakafu iinamie upande mmoja. Masika yakituamisha maji, tumbo la chatu hutoka malengelenge.

Wazee husema chatu hulizunguka eneo akitafuta siafu kabla ya kumeza, kwa kuwa akishashiba hawezi kukimbia. Bandani kazi hiyo ni yako. Zungushia msingi mfereji wa saruji wenye maji, upana sentimita 10, na ukate majani mita nzima kuuzunguka. Kagua kabla ya kila mlo, hasa mvua zikianza Novemba.

Kibali kitangulie yote haya: kumkamata au kumfuga chatu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo muone afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujanunua tofali. Mlango uwe wa aina mbili, wa nje na wa ndani, kila mmoja na kufuli lake, funguo mbali na watoto. Na chatu anayepita mita 2.5 asishikwe na mtu mmoja, hata awe mpole namna gani.